Chale za Somoe

Asubuhi niliyoondoka kwetu Ziwani sikuwa na safari. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Nilikuwa nimebangua korosho, nimeuza samaki, nimepika chai dukani kwa Mhindi mmoja kule Mikindani, na kote nilichoka mapema. Siku hiyo nilidandia lori la makopa ya mihogo, na lilipoharibika nikashuka karibu na geti la hospitali ambayo sitaitaja jina. Mtu mmoja alikuwa akipambana na mzigo wa kuni. Nikamsaidia kuubeba hadi kwenye jiko la kuchemshia vyombo vya upasuaji, na humo nikabaki.

Muuguzi Mkuu wa upasuaji, Mmakua mwenye sauti nzito, alinitazama.

"Wewe wa Ziwani, unajua kunawa mikono?"

"Najua, mzee."

"Hujui. Nawa."

Nikanawa.

"Nawa tena. Hapa hatuli ugali."

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza, miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kutoka kuni nilipanda hadi kukunja shashi za kufungia vidonda, kisha nikapelekwa chumba cha eksirei kushika wagonjwa, kisha nikarudishwa upasuaji niwe msaidizi wa kuwalaza mezani. Niliuliza maswali mengi mno. Namshukuru Daktari Mkuu, mgeni aliyejifunza Kiswahili wodini, kwa kuwa hakuwahi kuniambia kwamba jambo fulani halinihusu.

Kati ya wagonjwa wote wa miaka ile, Somoe ndiye ninayemsimulia zaidi. Aliletwa kutoka kijiji kimoja upande wa Nanyamba akiwa amebebwa kitandani, miguu imelegea kama ya mtoto mchanga. Alikuwa bado kijana, na shamba la mihogo lilikuwa likimngoja. Tulidhani ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, maana hicho tulikizoea. Lakini picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima.

Daktari akamgeuza ubavu kumkagua, akaziona chale. Zilikuwa nyingi, mapajani na magotini, lakini zile zilizofifia zaidi zilitoka mgongoni, zikafuata ubavu mmoja mpaka chini ya titi la kushoto, kama mshipi.

"Hizi nani alizichanja?" aliuliza.

Mama yake Somoe, Bi Asumini, alikunja uso. "Unataka kutugombeza?"

"Hapana, mama. Nataka kujua zipi zilitangulia."

"Hizo za ubavuni. Fundi, mganga wetu, huchanja panapouma. Huko ndiko kulikoanza kumchoma kama moto, akawa halali. Za miguuni zilikuja baadaye, miguu ilipoanza kufa ganzi."

Daktari akapitisha kidole kwenye ule mshipi hadi mgongoni, akasimama pale. "Fundi wenu amenichorea ramani," alisema.

Alitueleza kwamba kila ubavu una mshipa wake wa fahamu unaotoka katika uti wa mgongo. Mshipa huo umevikwa ala, kama kisu kilivyo na ala yake. Katika ala ile huweza kuota uvimbe usio saratani. Hauli nyama wala hausafiri mwilini, ila hukua polepole na kuusukuma uti mpaka miguu inakosa habari kutoka kichwani. Tukamtia Somoe dawa nzito inayoonekana kwenye eksirei, ndani ya maji ya mgongo, tukaiinamisha meza kichwa chini. Mimi nilimshika mabega. Kwenye eksirei dawa ilishuka ikielekea kichwani, ikakwama palepale kidole kilipokuwa kimesimama.

Daktari alipotaja upasuaji, Bi Asumini alikataa. "Mtu akipasuliwa mgongo anakufa, au anabaki wa kugeuzwa kitandani."

"Asipopasuliwa atabaki wa kugeuzwa, mama," Daktari alijibu. "Akipasuliwa, huenda akatembea. Siwezi kukuahidi."

Somoe mwenyewe alikata shauri. "Mama, nimechoka kuogeshwa. Nipasuliwe."

Nilimlaza kifudifudi, mito chini ya kifua na nyonga ili tumbo lining'inie. Tumbo likibanwa, mishipa ya mgongoni hujaa damu na daktari haoni kitu. Akaimega mifupa inayoufunika uti, kipande kwa kipande, akapasua utando. Uvimbe ulikuwa laini, wa manjano, kama korosho iliyobanguliwa, na uti pembeni yake umebanwa ukawa utepe. Muuguzi Mkuu akapeleka koleo.

"Usivute!" Daktari alisema. "Huu si kamba ya kisima."

Aliuachanisha polepole, akakata kale kamshipa ulikoota, ukatoka mzima.

Kesho yake miguu haikusogea, wala siku zilizofuata. Bi Asumini aliendelea kumgeuza kitandani. Kisha asubuhi moja akimwogesha nilimsikia akipiga kelele: "Somoe! Unanipiga teke, mwanangu?" Wodi nzima ikacheka, na yeye akalia.

Sasa nimestaafu. Vijana wana mashine zinazoona ndani ya uti bila sindano, nami nafurahi. Wakiniuliza kazi ile ilinipa nini, huwaambia ilinipa kitu ambacho sikuchoka nacho. Kisha huwasimulia siku ya kumrudisha Somoe.

Alitoka na fimbo mbili. Daktari akanituma niende naye. "Sakafu yetu ni saruji, kwao ni mchanga. Tazama nyayo zake. Vidole vikiburuza, mrudishe."

Gari lilituacha barabarani, likaendelea na safari zake; lingenipitia kesho yake. Shemeji yake mmoja alikuwa akitungoja.

"Somoe, umerudi na miguu ya nani?"

"Yangu! Yako ilikuwa wapi, mbona hukuja kuniona?"

Watu wakaangua kicheko. Mchanga ulizimeza fimbo zake, akayumba. Nikanyoosha mkono.

"Niache, kaka."

Tulifika jua likiwa limeegemea mikorosho. Sikuwa na mwenyeji mwingine kijijini. Bi Asumini akaniambia kuna chumba cha uani, mkeka umeshatandikwa.

"Nitamwonyesha mimi," Somoe alisema.

Akanitangulia kwenye uwanja uliotoka kufagiliwa, polepole, mpaka mlangoni. Niliinama nyuma yake kutazama. Vitobo vya fimbo mbili, na katikati yake nyayo, moja moja, vidole vyote vimekanyaga na kuinuka.

Nikamwambia asante kwa chumba, nikaingia.