Shemeji Ameweka Jina Lake Kwenye Milima Yangu

Admin, nifichie jina tu. Mtaa unaweza kuuacha, maana Buyenzi tuko wengi.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mitatu, napaka magari rangi katika garaji moja hapa Bujumbura. Nina mke, watoto wanne, na jeshi la askari mia tatu na kumi. Msicheke bado. Ni askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, wale wanaouzwa sokoni kwenye mifuko. Nawachonga kwa wembe, nawatengenezea kofia kwa mastiki ya kuzibia mabonde ya magari, halafu nawapaka nguo moja moja kwa burashi niliyoinyoa mpaka ikabaki nywele tatu. Hakuna aliyenifundisha. Niliangalia picha za zamani, nikaharibu wengi, nikajua.

Jumapili mchana tunacheza vita, watu wanne, kwa dadu na mita ya fundi. Vita vyetu ni vile vya Wajerumani na Wabelgiji walipogombania nchi hii bila kutuuliza. Jirani yangu Mkongomani ndiye anaongoza Wabelgiji, na kila akipigwa anasema mita yangu imelala, haipimi sawa.

Meza ya vita hivyo niliijenga kwa miezi kumi na mmoja. Ziwa ni kioo cha dirisha la gari, nimekipaka bluu kwa chini. Matope ya mto Rusizi ni machicha ya kahawa, migomba ni sponji ya kuoshea vyombo. Milima ni frigoliti, lile povu jeupe linalokuja kwenye katoni za televisheni. Mke wangu alikunywa kahawa asiyoitaka ili nipate matope. Hiyo ndiyo ndoa.

Sasa kuna kaka yake, nimwite Amisi. Anafanya kazi ofisini huko Gihosha, anavaa mashati yenye kola ngumu, na anapenda sana picha. Aliniomba meza siku tatu, akamwonyeshe mkubwa wake. Nikampa. Niliifunga mwenyewe kwenye kamionneti, gari dogo la mizigo, nikamwambia aendeshe polepole kama amebeba mayai.

Siku tatu zikawa mwezi. Jirani ndiye alikuja na simu yake, akanionyesha. Meza yangu iko kwenye kituo kimoja cha utamaduni, taa juu yake, na mbele karatasi nzuri: kazi ya Amisi. Halafu video. Mwandishi anamuuliza kama alifanya peke yake. Shemeji akafikiri kidogo, kwa unyenyekevu mkubwa, akasema:

"Kuna fundi mumoja wa Buyenzi, alinisaidia kubeba."

Ndugu zangu, nimeitwa mengi. Mama mkwe aliniita mutoto mukubwa. Lakini kubeba? Nilirudia hiyo video mara saba, nikitafuta mahali anapoona haya. Sikupata.

Sikupiga kelele. Nilimwandikia kwa adabu kwamba ingetosha jina langu liandikwe kwenye ile karatasi, hata kwa chini. Akajibu, akiniita shemeji kwa Kifaransa, "Usiharakishe beau-frère, tutaongea kiisha." Kiisha nini, hakusema.

Juzi nimeelewa. Kituo kimempenda, kimemwomba Jumamosi hii aonyeshe mbele ya wageni jinsi mlima unavyotengenezwa. Wameshaita walimu, wazungu wawili, na mkubwa wake. Basi akaniandikia: "Shemeji, nikishakata frigoliti napuliza bombe tu, siyo?"

Hapa niwaeleze. Rangi ya bombe, ile ya kopo la kupuliza, ikigusa frigoliti tupu, inaila. Mlima unatoboka, unayeyuka kama sukari kwenye chai, mbele ya macho yako, na harufu juu. Ni lazima kwanza uupake kola nyeupe, ile gundi ya mbao, pamoja na mchanga, usubiri siku nzima ukauke, ndipo upulize. Kila mtu aliyekaa nami anajua. Amisi hajui, kwa sababu siku za kola hakuwahi kuja. Kola ni kazi chafu na haina picha. Alikuwa anakuja siku ya bombe, anasimama karibu na mlima wa kijani, anapigwa picha, anakwenda.

Nilimjibu, "Na karatasi je?" Akaandika, "We jibu kwanza, mambo ya karatasi ni madogo."

Mke wangu amezisoma meseji hizo. Nilitegemea atanihubiria subira, lakini alikaa kitandani akasema polepole: "Ni kaka yangu, na ni mwizi. Vyote viwili najua. Lakini ukimwacha aaibike, mi ndiye nitakaa naye Idi, we utakuwa na askari wako."

Tangu hapo hatujaongea vizuri. Ananipa chakula, nakula, ninamshukuru, anasema apana kitu. Kwa kweli namwonea huruma yeye. Kaka yake, najaribu kumwonea huruma, nafika kwenye neno "kubeba", inakatika.

Kwenye simu nimeandika neno moja: "Puliza." Halijaenda. Kidole kiko pale tangu jana. Nikilituma, nimemdanganya, na mimi si mwongo. Nikinyamaza, atapuliza vilevile, kwa sababu mtu wa namna ile haulizi mara mbili. Nikimwambia habari za kola, Jumamosi atasimama mbele ya watu na mlima mzuri, atapigiwa makofi, na mimi nitabaki mbebaji mpaka nife.

Aya za kusamehe msinitumie, imamu wetu anazo na nyumba yake naijua. Niambieni ninyi mliowahi kuibiwa kazi ya mikono yenu: nitume, ninyamaze, au nimwokoe? Na anayesema nimwokoe aniambie pia nani atanirudishia jina langu.

Nishaurini kabla ya Jumamosi. Mimi nakwenda kutazama kwa vyovyote. Nimeomba kiti cha mbele, na shati nimeshalipiga pasi.