Fundi aliyesahau kupima

Juzi nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo, mtaa wa Muhima, nikingoja suruali, wakaingia vijana wanne wenye mashati mapya ya rangi moja. Ni waimbaji wasiotumia ala yoyote, sauti tupu, na kesho yake walikuwa na onyesho.

"Fundi, shati iko inabana tukiimba," alisema yule mnene.

Fundi akawatazama juu ya miwani. "Mkinyamaza iko sawa tu. Imbeni basi, nione."

Wakaimba. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Niliona vifua vikijaa, vifungo vikivutika, mmoja akiinua nyusi kumwashiria mwenzake aingie. Sauti nzito ya yule mnene niliihisi kwenye benchi nililokalia.

Walipomaliza, fundi alikuwa bado ameshika futi yake ya kupimia, haijamgusa mtu.

"Rudieni," alisema. "Sijapima."

Nyimbo za namna hii ninazo kwenye simu, na huziruka kabla hazijafika katikati. Simu hainionyeshi mtu akivuta pumzi. Pale dukani, hata mteja aliyeingia na haraka zake alitafuta pa kukaa.

Wakarudia. Fundi akasema tena kwamba hajapima, na safari hii hakuna aliyemwamini.