Mkono wa Mama Shimoni

Leo muuza samaki hapa Kitengela alifunua ndoo ya kambare, na ile harufu ya matope ikanirudisha mtoni, utotoni mwangu. Kiangazi kilikuwa kimemaliza maziwa ya ng'ombe wetu, na mto umebaki vidimbwi tu. Mama alilala kifudifudi ukingoni, mkono umezama hadi begani katika shimo la kambare.

“Shika miguu yangu,” aliniambia. “Huyu hashikwi mkia, atateleza. Unamwachia kidole aume, halafu unamkaba nyuma ya miiba.”

Akamvuta nje, vidole vyake vikivuja damu, huku anacheka.

Jioni sisi watoto tulilamba sufuria. Mama alikula ugali na chumvi.

“Mbona huonji samaki?” nikamuuliza.

“Naogopa,” akasema. “Kwetu tulilelewa tukijua samaki ni nyoka.”