Mama Aliyekata Aya Yake

Kwa miaka mingi masijala ya chuo chetu cha Bukoba iliishi kwa miguu ya watu. Faili lilitoka idara hadi idara likiwa kwapani mwa mhudumu, na lililokwenda tawi la Muleba lilipanda gari asubuhi, kurudi kwake hakuna aliyekuahidi. Nilipokabidhiwa masijala nilijisomea kompyuta mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, nikijaribu kila hatua kabla ya kuiamini. Chuo kilipoamua kuweka nyaraka zote kwenye mfumo mmoja, unaofunguliwa na idara zote kwa pamoja, kazi ya kuwafundisha watu nilipewa mimi.

Waraka mkubwa wa kwanza ulikuwa rasimu ya mtaala wa kozi ya kahawa na migomba. Aliyeuandika ni mkuu wa tawi la Muleba, mama aliyewafundisha wahadhiri wetu wengi. Tawi lake halikuwa na kozi hata moja ya kujivunia. Seneti ilitoa sharti: bila maoni ya idara zote rasimu haijadiliwi, na kozi inasubiri mwaka mwingine.

Tukaiweka kwenye mfumo. Siku zikapita bila mtu kuandika neno. Kwanza niliulaumu mtandao, nikaupima, nikaukuta mzima. Nikafungua kumbukumbu za waraka. Karibu kila mhadhiri alikuwa ameufungua, wengine zaidi ya mara moja. Walisoma, wakafunga, wakaondoka.

Jioni moja nikamkuta mhadhiri wa takwimu kwenye duka la jirani yetu pale Kashai.

“Dada, rasimu umeiona?”

“Nimeiona. Nafasi kati ya mibuni na migomba haiwezekani. Hesabu yake haitoki.”

“Mbona hujaandika?”

Akacheka. “Kaka, nimsahihishe mama yule chuo kizima kikitazama, na jina langu pembeni? Anza wewe, fundi wa mfumo!”

Hapo nikaelewa. Kwenye karatasi, dokezo la mdogo lilipanda kimyakimya. Mkubwa alilisoma peke yake ofisini, akakubali au akakataa, na hakuna aliyeaibika. Mimi nilikuwa nimewafundisha pa kubofya. Nani atangulie, sikuwa nimelifikiria.

Kesho yake nikashika barabara ya Kemondo hadi Muleba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umeniletea maoni?”

“Sina, waitu,” nikamjibu kwa heshima ya Kihaya. “Watu wanakuogopa.”

“Mimi? Mbuzi wangu wenyewe hawaniogopi, wanakula migomba nikiwatazama!” Kisha kicheko kikamwisha. “Kila Jumapili wazazi wananisubiri nje ya kanisa. Kozi inaanza lini? Nimechoka kuwaambia bado.”

Nikamweleza nilichofikiri: mwenye waraka atangulie kugusa makosa yake mwenyewe, mahali ambapo wote wataona. Sikumtajia mtu wala kosa. Nilitegemea arekebishe koma mbili tatu. Yeye akavaa miwani, akasoma taratibu tangu mwanzo, akafika kwenye aya ya nafasi za kupanda. Kisha akaikata yote, na pembeni akaandika: “Hapa nimeandika kwa mazoea. Watu wa takwimu, nisaidieni.”

“Inatosha?” akaniuliza.

“Imezidi, mama.”

Nilikuwa bado ofisini kwake maoni yalipoanza kuingia. Dada wa takwimu aliweka vipimo vipya na hesabu yake hatua kwa hatua. Mama akamjibu palepale, “Umenipata, mwanangu.” Idara ya uhasibu ikafuata, kisha sheria, wakibishana juu ya ada ya mafunzo ya vitendo, hadi mmoja akaandika: “Hata sheria leo mna maoni?” Mama alisoma kila mstari kwa sauti, akipiga meza.

Seneti ilipokaa, mwenyekiti aliuliza kama kuna idara ambayo haijasema. Nikazisoma kutoka kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokosekana. Rasimu ikapita.

Muhula uliofuata wanafunzi wa kwanza, wengine wakitokea vijiji vya Muleba kama Buganguzi, walikuwa shambani na kamba wakipima mashimo ya mibuni kwa vipimo vile vipya. Nilikwenda kuwatazama. Sikuwa na kazi yoyote kule siku hiyo, ila nilivaa shati langu zuri.