Siku Niliyosema "Mbili" Mbele ya Mama Mkwe

Sijivunii haya, na hata leo nikiingia kwenye kile kiwanda kidogo cha alizeti pale Misigiri nikaitwa "Marehemu" naitika tu, maana aibu hii niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Pale wanaume wanabeba magunia, sisi wanawake tunapepeta. Wanaume walikuwa wanapumzika saa sita, sisi hapana, eti kupepeta ni kazi nyepesi (anayesema hivyo ni msimamizi, ambaye ungo anaujua kwa kuuona ukutani). Na mimi mwanangu wa miezi saba nimemwacha kwa jirani ng'ambo ya barabara, akilia njaa namsikia, na kuvuka siruhusiwi! Basi akaja dada mmoja mtaalamu, anapima kazi za mikono zinavyochosha mwili, na msimamizi akatamka mbele ya wote, "Kipimo kikisema nzito, mtapumzika. Kikisema nyepesi, sitaki kusikia tena." Wenzangu wakanisukuma mbele mimi, kwa kuwa nina mdomo.

Nikafungwa mkanda wa kupima mapigo ya moyo chini ya matiti, nikapepeta kidogo, kisha yule dada akanionyesha kadi: sifuri ni kukaa tu, kumi ni kuchoka mpaka huwezi tena. "Mama Neema, wewe unaipa ngapi?"

Nilishafungua mdomo niseme tisa, na hapohapo mama mkwe wangu, aliyekuwa anapepeta pembeni yangu, akakohoa. Kikohozi kile nakijua. Kwetu huwezi kulalamika uchovu mbele ya mama mkwe. Ukithubutu, kabla jua halijazama Kinampanda nzima inajua mwanawe ameoa mvivu. Nikasema, "Mbili."

"Mbili!" Msimamizi akapiga makofi. "Andika hiyo!"

Wenzangu wakaniangalia kama nimewauza. Nikajikasirikia, nikaamua basi moyo useme wenyewe, nikaushika ungo nikapepeta kama nafukuza nyuki, vumbi juu, makapi juu, jasho, na maziwa nayo yakaanza kutoka (saa ya kunyonyesha haingoji mtu), mkanda ukalowa, ukateleza mpaka kiunoni, nami nikaona nikisimama nimeshindwa, nikauchomoa kwa mkono mmoja huku napepeta, ukaniponyoka ukaangukia kwenye ungo, nikaurusha pamoja na alizeti, ukaenda kutua usoni kwa msimamizi, pamoja na maziwa yangu, pwaa!

Yule dada macho yako kwenye kishikwambi, hana habari. "Jamani, mbona hapa inaonyesha amefariki?"

Watu walicheka mpaka wabeba magunia wakaketi chini. "Marehemu anapepeta!" "Na kazi yenyewe ni mbili tu!" Msimamizi akajipangusa uso akasema kipimo kimekwisha, kila mtu kazini.

Hapo nikakataa. Nikauchukua mkanda mkononi mwake, nikaufuta kwa khanga, nikaomba nifungwe upya, kisha nikamgeukia mama mkwe. "Mama, unisamehe. Ni tisa."

Mama akaweka ungo chini taratibu, akajishika kiuno. "Hiyo tisa ni yako. Mimi mbona siulizwi? Binti, niandikie kumi."

Yule dada akaandika, akanifunga mkanda upya, nikapepeta, na safari hii kipimo kikasema nzito.

Siku hizi saa sita navuka barabara, namnyonyesha Neema, narudi. Jina la Marehemu limebaki, na nimelipokea. Lakini mtu akiniuliza kazi ikoje, sitajibu tena "kawaida tu" ili nionekane mke mwema. Hata akohoe nani.