Kijiji Alimolala Badibanga Usiku Mmoja

Kazi ya Tshimanga Polycarpe ilikuwa kuhamisha reli katika shimo la shaba la Musonoi. Mimi nilikuwa karani wa Kampuni, mtu wa tai na kalamu. Nyumba zetu zilipakana. Siku hizi wanaosimulia miaka ile ya ukoloni hupenda kutaja nyumba za matofali, shule na baiskeli, kana kwamba shaba ilichimbwa ili sisi tupate baiskeli. Wananiudhi. Acha niwaeleze habari za jirani yangu.

Shimo lilikuwa likiula mlima, na kila mlima ulipopungua ilibidi reli za mabehewa zisogezwe ziufuate. Wanaume thelathini walichomeka mitaimbo chini ya chuma, wakangoja. Polycarpe ndiye aliyeimba. Wimbo ulipofika kwenye neno walilopatana, wote walisukuma kwa pamoja na reli ikasogea kiasi cha unyayo. Aliimba kwa Kiluba cha Kasai, na maneno mengi yalikuwa matusi kwa wasimamizi wa Kizungu, ambao walitikisa vichwa kwa furaha wakidhani wanasifiwa. Mimi pia alinitia humo: karani anayetembea kama aliyemeza rula. Nilicheka, ingawa iliniuma kidogo.

Alizaliwa palepale kwetu, katika kambi ya wafanyakazi ya Ruwe, mwendo mfupi kutoka Musonoi. Aliyetoka Kasai, jimbo la mbali, alikuwa baba yake, Badibanga. Huyo alikimbia pamba ya lazima na viboko vyake, na aliposimama mbele ya mwandikishaji wa vibarua aliogopa kutaja kijiji chake, asije akarudishwa kwa chifu. Akataja Tshilundu, kijiji cha hukohuko Kasai alimolala usiku uliotangulia, kwa watu asiowajua. Jina hilo likaandikwa kwenye kadi yake. Alipokufa lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye kadi ya mwanawe, na nyumba nzima ilikuwa ikilifanyia mzaha. Mtoto akiwa mtundu, Mianda, mke wa Polycarpe, alimtisha kwamba atampeleka Tshilundu.

Mwaka wa hamsini na nane mzaha uliisha. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka huko London, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga. Sisi tulikuwa watu wa mlango wazi. Shaba ilitoka kwa treni kwenda bandari ya Lobito, na kwa treni tukaletewa unga kutoka Rhodesia, samaki wakavu kutoka Angola, blanketi na sufuria kutoka Ulaya. Hatukutengeneza kitu, kila kitu kilikuja. Miaka ya bei nzuri tuliambiwa nchi inakua, na kweli majengo yalikua. Bei iliposhuka, balaa nalo likaingia kwa mlango huohuo, likafika mezani kwangu kwa sura ya orodha ya majina arobaini ya watu wa kuachishwa kazi. La Polycarpe lilikuwa la kumi na saba.

Kwa kila jina nilipaswa kujaza karatasi ya kutiwa sahihi na Bwana, mkuu wangu wa Kizungu, na penye kijiji cha asili ninakili kilichomo kwenye kadi. Neno hilo moja liliamua yote. Aliyekuwa wa karibu aliachwa ajitegemee. Angeweza kwenda kulima upande wa Mutshatsha akingoja shaba ipande. Aliyekuwa wa mbali alitiwa kwenye treni pamoja na familia yake, eti arudi kwao.

Jumapili, baada ya misa, Polycarpe alikuja kwangu. Hakukubali kiti.

"Tata Mwenze, karatasi yangu ulisha kuiandika?"

"Bado."

"Basi andika Musonoi. Ao Ruwe. Mi nilizaliwaka Ruwe, haiko bongo, ni kweli."

"Kadi inasema Tshilundu."

"Tshilundu baba alilalaka usiku moja tu! Mi siko na mutu kule. Hata njia siijue. Niko na batoto bane, na Mianda eko na mimba. Tutaenda kwa nani?"

"Bwana anasomaka kila karatasi," nilimwambia. "Akiona nilibadilisha, na mi atanifukuza. Na mi niko na batoto."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alisema tu, "Nasikia, tata," akaenda zake. Mke wangu Adolphine, aliyesikia yote kutoka jikoni, hakuniandalia chakula siku ile, wala sikuthubutu kumuuliza.

Jumatatu niliandika Tshilundu, kwa mwandiko mzuri ambao mapadri walinisifia tangu shuleni. Nikampelekea Bwana rundo zima. Alikuwa kwenye simu, akizungumza habari za tenisi. Alitia sahihi karatasi zote arobaini huku akicheka na mtu wa upande wa pili, wala hakusoma hata moja. Nilisimama mbele ya meza yake nikaiona kalamu ikipita juu ya ile ya kumi na saba. Ningeandika mbinguni, angetia sahihi.

Waliondoka Alhamisi asubuhi. Funguo za nyumba zilirudishwa ofisini kwangu, na ule wao aliuleta Mianda.

"Nyumba iko safi, tata," alisema. "Mwenye ataingia hatasumbuka."

Nikamsogezea kitabu na wino atie kidole kwamba ameurudisha ufunguo, na mpaka leo najichukia kwa lile. Stesheni sikwenda. Adolphine alikwenda, na aliporudi alisema watoto walikuwa wakifurahia treni.

Mwaka uliofuata shaba ikapanda. Bwana akaagiza tuwaite tena wazoefu, maana vijana wapya walikuwa wakipindisha reli, na mmoja alikwisha kuvunjika mguu. Wale wa upande wa Mutshatsha walirudi katika wiki moja. Polycarpe nilimwandikia barua, juu Kifaransa cha ofisi, chini Kiswahili changu mwenyewe: rudi ndugu yangu, nyumba nitakutafutia, nisamehe. Nilipomweleza Adolphine, alinitazama kwa wema kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Barua ilirudi baada ya wiki sita. Mtu alikuwa ameandika kwa penseli nyuma ya bahasha kwamba chifu wa Tshilundu hamjui mtu huyu. Familia moja ya wageni ilishuka huko na karatasi, ikadai ni ya kijiji, ikafukuzwa. Mama yao alikuwa karibu kujifungua. Haijulikani walielekea wapi.

Nilimpelekea Bwana ile bahasha. Hakuigusa. Aliniuliza kama ni lazima awe yule, au kuna mwingine anayejua kuziimbia reli. Nilikuwa na tai shingoni na watoto nyumbani. Nikamjibu kwamba wapo wengi.