Baba wa Yule Binti Aliyetupwa kwa Wanyama

Hadithi ya yule binti wa zamani, aliyetupwa kwa wanyama wakali kwa kukataa kumkana Yesu, niliifundisha Sunday school miaka mingi kule nyumbani Taita. Shule niliachia darasa la tatu, lakini hadithi hiyo alitusimulia mwinjilisti wetu na haikunitoka. Majina ya watoto niliowafundisha ninayo yote kichwani, na ya baba zao, ila hapa sitayataja. Mmoja wao alikuwa binti yangu.

Binti wa hadithi alikuwa na mtoto wa kunyonya. Baba yake, mzee wa mvi, alimfuata gerezani akamwangukia miguuni: mhurumie mtoto wako, nihurumie na mimi. Akakataa. Huyo mzee nilikuwa nikimwigiza kwa sauti ya kukwaruza, na watoto wanacheka mpaka basi.

Miaka ya tisini binti yangu alikuwa nesi huku ng'ambo, mjini Saint Paul, wanakaa mtaa wa Roseville yeye na mumewe, nami nikaletwa kulea mtoto wao. Jumapili moja nasukuma chapati, akaja na mtoto kifuani.

"Mama, keti."

"Nimeketi," nikasema, nimesimama.

"Nimewakubalia. Nitaenda kusini mwa Sudan, kwa ile kliniki ya kanisa."

"Si ile iliyopigwa mabomu?"

"Waliihamisha. Siku hizi iko chini ya miti."

"Haya basi. Miti itazuia bomu."

Mkwe wangu akacheka, akavaa koti akaenda kuondoa theluji mlangoni. Alikuwa ameshaiondoa asubuhi.

"Na huyu je?" Nikamwonyesha mtoto, ananyonya bila habari.

"Huyu ana wewe. Mama, si wewe ndiye uliyetufundisha?"

"Nilifundisha watoto wa watu!"

Akacheka, akanibusu shavu lenye unga. Alijua amenishinda.

Nilibaki na kitu kimoja cha kumzuia. Kwetu mzazi akiwa na hasira na mwanawe hamwachi asafiri hivyo. Hupiga funda la maji, akayapuliza nje, akaitoa hasira kwa maneno. Ndiyo kutasa. Hasira ya mama ikibaki moyoni humfuata mtoto huko aendako, ikamdhuru. Mwinjilisti hakuipenda mila hiyo, lakini naye mamake alimtasia. Basi sikumtasia. Nikajiambia, bila kutasiwa hataondoka.

Siku ya safari akasimama mlangoni na sanduku. Gari linanguruma nje.

"Mama, hujanitasia."

Nikatazama zulia.

"Haya, Mama. Nitaenda hivyo hivyo." Hakusema kwa ukali. Akamkumbatia mtoto, akaniwekea mgongoni, akashika kitasa.

Nikaona bomu linamwangukia na hasira yangu iko juu yake. "Ngoja!" Nikakimbilia jikoni na mtoto mgongoni, nikapiga funda la maji, nikarudi mlangoni, nikampulizia. Nikasema maneno yote anayosema mama: nenda salama, sina neno nawe, kilichokuwa moyoni kimetoka. Akajipangusa uso, akaondoka anatabasamu.

Maji yalitoka. Hasira ilibaki pale pale.

Binti wa hadithi hakurudi kwao. Wangu alirudi, lakini siku ile nani angeniambia?

Katika hadithi, mtoto aliacha mwenyewe kutaka ziwa la mama. Nilikuwa nikiwaambia watoto ule ni muujiza, waseme amina. Wetu alikuwa akisukuma chupa, anageuza kichwa mlangoni, analia. Nilimbembeleza, nikaimba, nikamwonyesha theluji dirishani. Wapi.

Nikamrudisha mgongoni, tukaenda kwenye sinki. Nikapiga funda, nikapuliza, nikasema maneno. Nikajisikiliza moyoni. Bado. Nikafungua bomba tena.